Nilidhani Sindano ya Mgongo Ndiyo Iliyonipeleka Kisuni

Kwa miaka miwili na nusu nilikuwa na jibu moja tu kwa kila aliyeniuliza kwa nini mwanangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Nilikuwa nasema, "Nilichomwa sindano ya mgongo," yaani epidurali, ganzi ya kupunguza maumivu ya uchungu. Nililitamka hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa, na aliyeuliza alitikisa kichwa akielewa. Hakuna aliyenibishia. Mimi mwenyewe sikuwahi kujibishia.

Naandika haya kwa ajili ya mama aliye na mimba sasa hivi ambaye ameshaambiwa nilichoambiwa mimi. Sina nia ya kumwambia achomwe wala asichomwe. Nataka asibebe mzigo niliobeba, na akifika chumba cha leba ajue maswali ambayo mimi sikuyajua.

Shangazi yangu amezaa watoto sita, wote kwa njia ya kawaida. Nilipokuwa na mimba ya miezi saba alinikalisha chini akaniambia, "Mwanangu, ukikubali ile sindano, hesabu kisu kimeshanolewa." Alinieleza kwamba ganzi inalaza nguvu za kusukuma, mtoto anakwama, na daktari hana la kufanya ila kupasua. Nilimwamini kwa sababu nampenda, na kwa sababu maelezo yake yaliingia akilini. Kliniki nilienda mara zote nilizopangiwa. Nilipimwa damu, mkojo, presha, nikaulizwa kama mtoto anacheza. Kuhusu maumivu ya uchungu hakuna aliyenigusia neno, nami sikuuliza. Nilishaamua: nitavumilia.

Uchungu ulianza saa sita usiku, nao haukuanzia tumboni. Ulianzia kiunoni, chini kabisa ya mgongo, na ukabaki hapohapo. Kila wimbi likija nilihisi kama mfupa unapasuliwa kwa ndani, na likipita mgongo haukupoa kama nilivyoambiwa utapoa. Saa mbili asubuhi tulifika hospitali, nikapimwa, njia imefunguka sentimita 3. Mkunga alinipapasa tumbo kwa muda mrefu kidogo, kisha akamwambia mwenzake, "Huyu ametazama juu." Nakumbuka nilitabasamu. Nilidhani ni jambo jema mtoto kutazama juu. Sikuuliza maana yake.

Saa nane mchana nilikuwa na sentimita 5. Saa kumi na mbili jioni nikapimwa tena: 5. Mume wangu alikuwa ananisugua kiuno kwa ngumi, na akiacha hata nukta moja nalia. Nilikuwa nimetapika kila kitu. Nilikuwa sijalala usiku mzima wala mchana. Saa moja usiku, baada ya masaa 19, nilimwambia mkunga kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua: nichomeni hiyo sindano.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba sindano haiji unapoiita. Daktari wa usingizi alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Nilisubiri zaidi ya saa nzima. Alipofika alinieleza faida na madhara huku nikiwa katikati ya wimbi, nikatia sahihi karatasi ambayo sikuisoma. Leo ningependa kila mama asikie maelezo yale kliniki, akiwa ametulia, wiki nyingi kabla. Mtu anayeumwa kwa kiwango kile hasikilizi chochote, anaitikia tu.

Kwa asiyejua inavyofanyika: unakaa ukingoni mwa kitanda ukiukunja mgongo kama paka aliyekasirika, au unalala ubavu ukiwa umejikunja. Ngozi inatiwa ganzi kwanza kwa kisindano kidogo kinachochoma. Kisha sindano yenyewe inapita katikati ya mifupa ya mgongo hadi kwenye nafasi iliyo nje ya utando unaofunika uti, na kupitia hapo unapitishwa mrija mwembamba sana, mwembamba kama uzi mnene. Sindano hutolewa, mrija unabaki, ukibandikwa kwa plasta hadi begani, na dawa inapitia humo muda wote wa uchungu. Ukihisi wimbi linakuja wakati anachoma, mwambie, atasubiri. Kutotikisika ndiyo kazi yako pekee. Kuweka kulichukua kama dakika 20, na nyingine 20 zikapita kabla sijahisi nafuu kamili.

Nafuu ile sina maneno nayo. Nililia, na mume wangu akalia. Nikalala.

Nilipoamka nilikuwa na dripu ya kuongeza uchungu, mpira wa mkojo, na miguu mizito kama magunia yaliyolowa. Saa saba usiku nilifika sentimita 7. Mwili ulianza kutetemeka, joto likapanda hadi nyuzi 38.3. Mapigo ya moyo ya mtoto yakaenda mbio. Saa tisa nikawa na 8, na hapo ndipo nilipobaki. Saa kumi na moja alfajiri daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishika mkono, akasema ni wakati wa upasuaji. Nilichowaza ni kimoja tu: shangazi alisema.

Upasuaji wenyewe ulikwenda salama. Kwa kuwa mrija ulikuwa tayari mgongoni, waliongeza dawa kali zaidi humohumo, wala sikulazwa usingizi. Nilimsikia mwanangu akilia mara ya kwanza. Lakini kwa sababu ya ile homa yangu walimpeleka chumba cha uangalizi, wakamtoa damu ya vipimo na kumwanzishia dawa za kuua vijidudu. Sikumshika hadi mchana. Masaa yale yaliniuma kuliko mshono.

Shangazi alipokuja kunitazama alisema "nilikwambia" kwa upole, huku akinipangusa uso. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Mimi ndiye niliyelichukua neno lile nikalifanya hukumu. Niliamini kwamba nilishindwa kuvumilia masaa machache zaidi, na kwa udhaifu huo nikampeleka mwanangu kisuni. Nilipokuwa nikiuona mshono bafuni nilijilaumu. Kuna miezi sikuweza kusikia mwanamke akisimulia alivyojifungua mwenyewe bila kutafuta kisingizio cha kutoka chumbani.

Mimba ya pili ndiyo iliyonilazimisha kurudi nyuma. Mkunga wa kliniki, mama wa makamo asiye na haraka, aliniambia hawezi kupanga chochote bila kujua kilichotokea mara ya kwanza, akanituma nikaombe nakala ya faili langu. Sikujua kama ni haki yangu kuiomba. Niliomba, nikazungushwa siku mbili tatu, nikapewa. Kama ulijifungua kwa upasuaji na hujawahi kuona karatasi zako, nenda kaziombe, hata kama huna mpango wa kuzaa tena.

Alitoa karatasi moja kubwa yenye miraba, patografu, akaitandaza mezani. Kuna mstari unaopanda kufuata jinsi njia inavyofunguka. Akaweka kidole kwenye sehemu iliyolala bapa. "Mama, tazama. Hapa ni saa nane mchana, sentimita 5. Hapa saa kumi na mbili, 5. Hapa saa mbili usiku, bado 5." Kisha akasogeza kidole mbele. "Na hapa ndipo ulipochomwa."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nilikuwa nimekwama masaa sita kabla sindano haijanigusa. Pembeni ya mstari, kwa mwandiko wa harakaharaka, mtu alikuwa ameandika mlalo wa mtoto: kisogo kimeelekea mgongoni kwangu, uso umetazama tumboni. Ndiyo ile "ametazama juu" niliyoitabasamia. Mtoto aliyelala hivyo hupitisha kichwa kwa upana mkubwa zaidi, kisogo chake hukandamiza mfupa wa kiuno cha mama, na mara nyingi uchungu wake huwa mrefu na wa mgongoni. Wengi wao huzunguka wenyewe kabla ya kutoka. Wangu hakuzunguka. Sindano niliiomba kwa sababu uchungu ulikuwa umeharibika tayari. Miaka yote ile nilikuwa nimesoma hadithi yangu kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma kila nilichopata. Nitaeleza kwa urefu kidogo, maana hapa ndipo hofu ya shangazi ilipozaliwa, na haikuzaliwa hewani.

Ukihesabu tu akina mama waliochomwa epidurali na ambao hawakuchomwa, utakuta waliochomwa wamepasuliwa zaidi. Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini haituambii kisababishi. Nani anaiomba sindano? Ni mwenye uchungu wa masaa 19. Ni mwenye mtoto mkubwa, au aliyelala vibaya, au aliyeanzishiwa uchungu kwa dawa. Aliyefungua njia haraka huzaa kabla hata hajaifikiria. Kwa hiyo sindano na kisu hukutana mara nyingi kwa mama yuleyule, kwa sababu vyote viwili vinafuata uchungu mgumu.

Njia ya kutenganisha ni kugawa akina mama kwa bahati nasibu, wengine wapewe epidurali na wengine dawa nyingine, ili makundi yafanane tangu mwanzo. Mwaka 1993 utafiti mmoja wa Marekani ulifanya hivyo kwa akina mama 93 wa mimba ya kwanza, na matokeo yake yalitisha: kati ya 48 waliopewa epidurali, 12 walipasuliwa, kati ya 45 waliopewa dawa nyingine ya maumivu, ni mmoja tu. Utafiti ulisimamishwa mapema. Hofu ilienea duniani, na naamini mwangwi wake ndio uliofika hadi kwa shangazi yangu bila yeye kujua ulikotoka. Lakini watu 93 ni wachache mno. Na madaktari walioamua nani apasuliwe walijua nani kachomwa, maana jambo hilo halifichiki.

Tafiti kubwa zilizofuata zilisema mengine. Mwaka 2004 watafiti wa Dallas waliunganisha taarifa za akina mama 2,703 wa mimba ya kwanza: waliopasuliwa walikuwa asilimia 10.5 kwa waliopangiwa epidurali na asilimia 10.3 kwa waliopangiwa dawa za mshipani. Mwaka 2005 huko Chicago waliwagawa akina mama 750, wengine wakipewa ganzi ya mgongoni mapema, kabla ya sentimita 4, na wengine wakicheleweshwa: waliopasuliwa walikuwa asilimia 17.8 kwa waliowahi dhidi ya 20.7 kwa waliochelewa, tofauti ambayo haina uzito. Huko Nanjing, China, mwaka 2009, walitoa matokeo ya akina mama 12,793, wengine wakiwa wamechomwa tangu sentimita 1. Waliopasuliwa walikuwa asilimia 23.2 kwa waliowahi na 22.8 kwa waliochelewa. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ambacho mwaka 2002 kilikuwa kikishauri mimba ya kwanza isubiri hadi sentimita 4 au 5 pale inapowezekana, kiliacha ushauri huo mwaka 2006.

Utafiti ulionigusa zaidi haukuwa wa bahati nasibu. Katika hospitali moja ya jeshi kule Hawaii, epidurali ilikuwa karibu haitumiki. Mwaka 1993 jeshi likaamuru ipatikane kwa kila anayeitaka, na katika muda wa mwaka mmoja hivi matumizi yakaruka kutoka mama 1 hivi katika 100 hadi takriban 80. Waliowazalisha akina mama walikuwa walewale na hospitali ni ileile. Kama sindano ndiyo inayopeleka watu kisuni, upasuaji ungepanda ghafla. Haukupanda.

Na mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 40 zenye akina mama zaidi ya 11,000, yakahitimisha hivyohivyo: epidurali haiongezi upasuaji. Nilipoisoma sentensi hiyo ilikuwa usiku, mume wangu amelala. Nilimwamsha nikamsomea.

Sitaki, hata hivyo, mtu aondoke hapa akidhani sindano haina gharama. Mapitio hayohayo yanasema wazi: uchungu unakuwa mrefu zaidi, hasa kipindi cha kusukuma. Dripu ya kuongeza uchungu inahitajika mara nyingi zaidi. Presha ya mama inaweza kushuka. Homa kama niliyoipata mimi inatokea zaidi kwa waliochomwa, na ikitokea mtoto anaweza kuchunguzwa kama alivyochunguzwa wangu. Mkojo unagoma kutoka. Mtoto kuvutwa kwa koleo au vakyumu (kifaa kinachofyonza na kushika kichwa chake) kuliongezeka katika tafiti za zamani, ingawa katika tafiti zilizofanyika baada ya mwaka 2005 ongezeko hilo halikuonekana tena kwa uhakika. Maumivu ya mgongo ya muda mrefu, ambayo nilikuwa nayasingizia sindano kila nilipomnyanyua mtoto, hayakutofautiana kati ya makundi mawili. Pia ni haki kusema kwamba nyingi ya tafiti hizi zinalinganisha epidurali na dawa nyingine za maumivu, si na kuvumilia mikono mitupu, na kwamba wengi waliopangiwa dawa nyingine waliishia kuomba epidurali.

Jambo lililobadilika sana ni kipimo cha dawa. Zamani ganzi ilikuwa kali kiasi cha kuua miguu kabisa. Siku hizi hospitali nyingi hutumia dawa iliyozimuliwa sana, ikichanganywa na kiasi kidogo cha dawa kali ya maumivu kama fentanili, ili maumivu yaondoke lakini nguvu zibaki. Uingereza walilinganisha mbinu hizo mbili na kutoa matokeo mwaka 2001: waliozaa wenyewe bila kuvutwa walikuwa asilimia 35 kwa ganzi ya zamani na takriban 43 kwa ile nyepesi. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari wa usingizi si "mna epidurali?" pekee. Muulize ni nyepesi au nzito, na kama kuna kitufe cha mama kujiongezea dozi mwenyewe.

Mimba ya pili nilijipanga tofauti. Nilitaka kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji, jambo ambalo hufanikiwa kwa akina mama 60 hadi 80 katika kila 100 wanaojaribu. Hatari inayoogopwa ni mshono wa kizazi kuachia, jambo linalotokea kwa chini ya mmoja katika 100 ikiwa mkato ulikuwa wa mlalo, kwenye sehemu ya chini ya tumbo la uzazi. Nilikuwa nimesikia kwamba mwenye mshono haruhusiwi epidurali kwa sababu itaficha maumivu ya mshono kuachia. Daktari alinieleza kwamba dalili inayotangulia mara nyingi ni mapigo ya moyo ya mtoto kuharibika, ndiyo maana mashine ya mapigo haitolewi tumboni muda wote. Epidurali inaruhusiwa. Akaongeza jambo lililonituliza: mrija ukiwa tayari na unafanya kazi vizuri, upasuaji wa dharura ukihitajika kuna uwezekano mkubwa wa kuepuka kulazwa usingizi.

Nilionana na daktari wa usingizi wiki tatu kabla. Nilimwambia dawa zote nilizokuwa natumia. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye chembe sahani chache (zile chembe zinazosaidia damu kuganda), au wenye kidonda au jipu mgongoni, hili lazima lisemwe mapema maana huenda wasichomwe kabisa. Nilimuuliza kama kuna mtu wa kuchoma usiku na siku za mapumziko. Nilimuuliza gharama, kama ipo kwenye malipo ya kujifungua au inalipiwa pembeni, kwa sababu mara ya kwanza hesabu ile ilitujia kama mgeni asiyealikwa siku ya kuruhusiwa. Yeye mwenyewe aliniambia nisitegemee ukamilifu: kwa takriban mama mmoja katika 8 au 10 haishiki vizuri na huhitaji kurekebishwa au njia nyingine, na kwa karibu mmoja katika 100 sindano hupita ndani zaidi, utando ukatoboka, na mama akapata kichwa kikali kinachozidi akikaa na kupungua akilala. Kichwa hicho kina tiba, aliniambia, ila usikae nacho nyumbani ukidhani ni uchovu.

Na tuliafikiana kitu kimoja na mkunga wangu: kila nitakapopimwa, nitaambiwa mambo mawili, njia imefunguka kiasi gani, na kisogo cha mtoto kiko wapi.

Uchungu ulikuja alasiri, na safari hii ulikuwa mbele, tumboni. Kisogo kiko kushoto mbele, mkunga alisema, na nilihisi kama nimepewa zawadi. Dada yangu mdogo alikaa nami muda wote pamoja na mume wangu, wakipokezana. Hilo nalo nililipanga kwa makusudi, kwani kuwa na mtu wa kukutuliza mwanzo hadi mwisho ni miongoni mwa mambo machache yaliyothibitika kupunguza upasuaji. Mapitio ya mwaka 2017 yaliyojumlisha zaidi ya akina mama 15,000 yaliona upasuaji ukipungua kwa takriban robo. Ajabu ni kwamba kuhusu sindano nilikuwa nimeshasikia mengi, lakini kuhusu hili hakuna aliyewahi kuniambia.

Niliomba sindano nikiwa na sentimita 4. Sikusubiri nivunjike. Ilishika upande wa kulia tu. Kushoto nilikuwa naumwa kama sijachomwa, na kwa nusu saa nilikaa kimya nikidhani ndivyo inavyokuwa. Ni dada yangu aliyemwita mkunga. Daktari akarudi, akauvuta mrija nyuma kidogo, akaongeza dawa, na ndani ya robo saa nikatulia. Usivumilie ganzi ya upande mmoja.

Miguu niliweza kuisogeza. Kila nusu saa walinigeuza ubavu, mto mkubwa katikati ya magoti. Mkunga alinieleza kwamba kuna utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2017, wa akina mama zaidi ya 3,000 wa mimba ya kwanza wenye epidurali nyepesi, ulioonyesha kwamba waliolala ubavu wakati wa kusukuma walizaa wenyewe zaidi kuliko waliokaa wima, asilimia 41 kwa 35. Mimi sikuwa wa mimba ya kwanza, lakini kizazi changu kilikuwa hakijawahi kumpitisha mtoto, kwa hiyo alinilaza ubavu.

Saa nane usiku njia ilikuwa wazi yote. Nilisukuma kwa karibu saa mbili. Hamu ya kusukuma niliihisi kwa mbali, kama mtu anayeniita kutoka chumba kingine, na ilibidi mkunga aweke mkono tumboni aniambie wimbi limefika. Mapigo ya mtoto yakaanza kushuka kila niliposukuma, na kichwa kilikuwa karibu kabisa. Daktari akasema tumsaidie kwa vakyumu. Nilimuuliza, "Ni kwa sababu ya sindano?" Akanijibu kwamba huenda imechangia kurefusha, na hawezi kuniambia kwa hakika. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Mivuto miwili, na binti yangu akatoka. Walimweka kifuani kwangu akiwa bado amelowa, uvimbe wa vakyumu kichwani, ambao baada ya siku mbili ulikuwa umekwisha. Nilichanika, nikashonwa bila kuhisi chochote, na kwa wiki tatu kukaa kulikuwa kazi.

Nilimpelekea shangazi ile patografu ya kwanza. Niliitandaza mezani kwake kama nilivyotandaziwa, nikaweka kidole palepale. Aliitazama muda mrefu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia: mtoto wake wa tatu naye alikuja ametazama juu, alikaa naye uchungu siku mbili, na alikuwa ameshakata tamaa ya kuishi alipomzaa. Hapo nikaelewa kwamba onyo lake lilitoka kwenye woga wake mwenyewe. Tulikaa kimya. Akanishika mkono pale pale mezani, juu ya ile karatasi.

Mwezi uliopita dada yangu mdogo alinipigia simu akiwa leba, uchungu umeanza, sauti inamkatika. "Dada, nichomwe au nisichomwe?"

Nikamuuliza, "Umefungua ngapi? Na kisogo kiko wapi?"

Alinyamaza, nikamsikia akimgeukia mkunga wake na kuuliza. Sentimita 6, akajibu, na mtoto amelala vizuri, kisogo mbele. Nikamwambia basi ana nafasi ya kuamua anavyotaka, aisikilize hali yake, na akitaka kuchomwa aseme mapema kwa sababu daktari huchukua muda kufika. Alisema atangoja kidogo. Alijifungua mwenyewe masaa mawili baadaye, bila sindano, na jambo la kwanza alilonitumia, kabla hata ya picha ya mtoto, lilikuwa picha ya patografu yake.